TABO ISIGEUKE TAABU
Somo la kutafuta ugonjwa wa nozo na pampu katika gari la kikundi



Vikundi vingi vya sehemu zetu, kutoka Kalimoni na Juja mpaka Thika, Ruiru na Gatundu, vilianza na mzunguko wa pesa za kununuliana sufuria na blanketi. Leo vingine vina matatu, vingine vina pikapu au kilori cha kupeleka mboga na ndizi soko la Thika, au Marikiti kule Nairobi. Magari mengi ya namna hii yamenunuliwa yakiwa yametumika, na mengi ni ya dizeli.

Tukitembelea vikundi hivi tunasikia malalamiko yanayofanana. Gari limeongezewa nguvu, sasa linatoa moshi, linakunywa mafuta, na kila fundi anasema lake. Pesa zinaisha, na mbaya zaidi, watu wanaanza kushukiana.

Sisi si mafundi wa magari, kazi yetu ni ya jamii. Lakini kikundi hakihitaji kujua kufungua pampu. Kinahitaji kujua kumwuliza fundi maswali kwa mpangilio, na kujua ni kitu gani kisiguswe kabla ya vingine. Hayo ndiyo tutakayojifunza katika somo hili. Lisomeni kwa sauti mkutanoni, na dereva wenu awepo. Mkiweza, mwiteni na fundi.

1. HADITHI YA KUJIFUNZIA

Kikundi hiki tumekitunga kwa ajili ya somo, lakini mambo yake mtayatambua.

Kikundi cha watu 22 kilinunua pikapu ya Isuzu yenye injini ya 4JB1. Hiyo ni injini ya dizeli ya lita 2.8 ambayo ilitoka kiwandani bila tabo. Pikapu ilibeba viazi kutoka Kinangop kupitia Gatura mpaka Thika. Ilifanya kazi vizuri, ila kwenye milima ilipitwa na magari mengine. Mtu mmoja akasema, "Wekeni tabo." Wakanunua tabo iliyotumika, ikafungwa. Fundi akaona nguvu haijaongezeka sana, akazungusha skrubu ya mafuta nyuma ya pampu. Gari likakimbia, na wiki ya kwanza wote walifurahi.

Wiki ya tatu moshi mweusi ulianza. Fundi wa pili akasema nozo zimeisha, akabadilisha mbili. Moshi haukupungua. Fundi wa tatu akalegeza pampu, akaigeuza kidogo, na sasa injini ikaanza kugonga asubuhi. Mafuta yaliyokuwa yanatosha siku tatu yakawa yanaisha kwa siku mbili. Kwenye mkutano, mweka hazina akamwangalia dereva.

"Mama mwenyekiti," dereva akasema, "mimi sijauza hata kikombe kimoja cha mafuta. Gari lenyewe linakunywa."

"Kijana wangu," mwenyekiti akamjibu, "sisi tunaona risiti tu, na risiti hazijui barabara."

Dereva akaweka ufunguo mezani, akatoka.

Simameni hapa kidogo mjiulize: ni nani amekosea? Je, kikundi kina njia yoyote ya kujua kama ni gari linalokunywa mafuta au ni mtu anayeyauza?

2. INJINI YA DIZELI INAPUMUA NAMNA GANI

Mjerumani Rudolf Diesel aliomba hataza ya injini hii mwaka 1892, na mwaka 1897 ikaonyeshwa ikifanya kazi. Haina plagi za kutoa cheche kama injini ya petroli. Pistoni inaikandamiza hewa mpaka inakuwa moto sana, halafu mafuta yanarushwa ndani na kuwaka yenyewe. Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kuangalia wakati wote: hewa na mafuta.

Pampu ndiyo inayopima mafuta na kuyasukuma kwa nguvu nyingi. Kila silinda ina nozo yake, ambayo wengine wanaiita injekta. Kazi ya nozo ni kubaki imefungwa kabisa mpaka msukumo ufike kiasi chake, kisha kufunguka ghafla, kunyunyiza mafuta kama ukungu, na kufunga tena bila kudondosha. Katika injini za zamani kiasi hicho huanzia kama mara 100 ya msukumo wa hewa ya kawaida, na nyingine hufika mara 200. Nozo ikichoka inakojoa badala ya kunyunyiza. Tone kubwa haliungui lote, kama vile gogo lisivyoshika moto upesi kama vijiti.

Tabo ni kipulizia hewa. Upande mmoja una gurudumu linalozungushwa na moshi wa injini, na upande wa pili gurudumu lingine linasukuma hewa ndani ya silinda. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo hili mwaka 1905. Mhimili wa tabo unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Unategemea oili safi tu, na ndiyo sababu tabo hufa mapema kwa mwenye kuchelewesha sevisi.

Sasa shikeni hesabu hii. Kilo 1 ya dizeli inahitaji hewa ya kama kilo 14 na nusu ili iungue yote. Ndani ya silinda mafuta na hewa havichanganyiki sawasawa, kwa hiyo injini inataka hewa zaidi ya hapo. Mkiongeza mafuta bila kuongeza hewa, yanayobaki yanatoka kama masizi meusi. Huo moshi mweusi ni pesa zenu zinazopanda juu.

Pia kumbukeni mahali tunapoishi. Thika iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika saba. Kinangop ni juu zaidi, na hewa ni nyepesi zaidi. Gari ambalo pampu yake ilipimwa kwa hewa ya pwani linaweza kutoa moshi huku kwetu hata kama halina ugonjwa mwingine.

3. PAMPU HAIJUI KWAMBA TABO IKO

Hapa ndipo kiini cha somo letu.

Gari lililotengenezwa na tabo tangu kiwandani huwa na pampu inayopata habari kutoka kwa tabo. Katika magari mengi ya zamani kuna hosipaipu ndogo inayotoka kwenye njia ya hewa na kuingia juu ya pampu, penye kifuniko kama kisahani. Tabo ikisukuma hewa nyingi, msukumo unapita kwenye paipu hiyo, unasukuma ngozi ya mpira ndani ya kisahani, na pampu inaongeza mafuta. Hewa ikiwa kidogo, pampu inapunguza. Injini yenyewe pia mara nyingi huwa na pistoni zilizoandaliwa kwa joto kubwa, na kwenye nyingi oili hurushwa chini ya pistoni kuzipoza.

Gari ambalo tabo imeongezwa baadaye mara nyingi halina vitu hivi. Pampu ni ile ile ya zamani, na haijui kwamba tabo iko. Fundi akitaka nguvu anazungusha skrubu ya mafuta, na skrubu hiyo inaongeza mafuta wakati wote dereva anapokanyaga, hata kabla tabo haijaanza kusukuma hewa. Ndiyo maana gari la namna hii linatoa wingu jeusi likiondoka au likianza kupanda mlima kwa gea kubwa. Mtu anasema nozo ni mbovu, kumbe nozo zinafanya kazi ya kurusha mafuta mengi zilizoagizwa kurusha.

Hatari yake ni kubwa kuliko moshi. Mafuta yakizidi katika injini ya dizeli, joto linapanda. Pistoni nyingi za magari madogo ni za aluminiamu, na aluminiamu tupu huyeyuka kwenye nyuzi 660. Pistoni haifiki huko kwa kawaida kwa sababu inapozwa kila wakati. Lakini mzigo mzito, mlima mrefu na mafuta ya kupita kiasi vikikutana, pistoni inaweza kutoboka au kupasuka, gasketi ya hedi inaungua, na akiba ya miaka mingi inakwisha kwa safari moja.

Hatusemi tabo ni mbaya. Tunasema tabo na pampu ni kama ng'ombe wawili wa jembe moja, lazima waende pamoja. Kikundi kinachotaka tabo kitafute injini iliyoundwa nayo, au kitafute pampu yenye kisahani inayofaa injini hiyo, ikapimwe kwenye mashine ya kupimia pampu. Kuizungusha kwa kusikiliza mlio tu ni kubahatisha.

4. MOSHI UNASEMA NINI

Kabla ya kwenda gereji, dereva aandike moshi ni wa rangi gani, na unatoka wakati gani.

Moshi mweusi: mafuta ni mengi kuliko hewa. Inaweza kuwa eaklina imejaa vumbi, hosipaipu ya tabo imepasuka, nozo inadondosha, au pampu imeongezwa.

Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli inayochoma macho: mafuta yanatoka bila kuungua. Asubuhi ya baridi unaweza kuwa wa muda mfupi tu. Ukiendelea, labda nozo hainyunyizi, mafuta yanachelewa kurushwa, au silinda imepoteza mkandamizo.

Moshi mweupe wa mvuke usioisha, na maji ya rediata yanapungua: shuku gasketi ya hedi. Hapo msipoteze pesa kwa nozo.

Moshi wa bluu: injini inachoma oili. Inaweza kuwa ringi za pistoni, au tabo yenyewe inavuja oili.

Gari halina nguvu na halitoi moshi: mafuta hayafiki ya kutosha. Angalia filta iliyoziba, hewa iliyoingia kwenye paipu za mafuta, au ile hosipaipu ndogo ya kisahani imepasuka au imechomoka. Wengi wanaisahau hii ya mwisho, na ni kipande kidogo tu cha mpira.

5. HATUA SABA, KWA MPANGILIO

Anzeni na kitu cha bei ndogo, malizieni na kitu cha bei kubwa. Tena fanyeni badiliko moja tu kwa wakati mmoja, gari liendeshwe, iandikwe, ndipo mwende kwa lingine. Fundi akibadilisha vitu vitatu siku moja na gari likapona, hamtajua kilichoponya. Likizidi kuugua, hamtajua kilichodhuru.

Hatua ya kwanza: mafuta yenyewe. Fungueni kiziduo cha chini ya filta, mwage kidogo kwenye chupa safi, muache itulie. Maji yatakaa chini. Maji yanaharibu pampu na nozo haraka. Jihadharini pia na mafuta ya kwenye mtungi kando ya barabara. Mafuta taa yalipokuwa na bei ya chini sana, wengi walikuwa wakiyachanganya na dizeli, mpaka Septemba 2018 Serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kukomesha mchezo huo. Mafuta taa hayana ulaini wa dizeli, na pampu inalainishwa na hayo hayo mafuta yanayopita ndani yake. Ukiyatumia, vyuma vinasagana.

Hatua ya pili: hewa. Toeni eaklina muitazame kwenye jua. Gari linalopita barabara za vumbi letu jekundu linahitaji kuangaliwa mapema kuliko kitabu kinavyosema. Kisha shikeni kila hosipaipu kutoka tabo mpaka injini. Tafuteni nyufa, klipu zilizolegea, na alama za oili. Ufa usioonekana gari likiwa limesimama unafunguka tabo ikisukuma. Mkisikia mlio wa "shiii" wakati wa kupanda mlima, anzieni hapo.

Hatua ya tatu: tabo. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, fundi atoe paipu ya hewa na aushike mhimili wa tabo kwa vidole. Uzunguke bila kukwama, na magurudumu yasiguse ukuta wake. Aangalie paipu ya oili inayorudi kutoka kwenye tabo. Lazima iteremke moja kwa moja, kwa kuwa oili inarudi kwa uzito wake tu. Kwenye tabo za kuongezwa paipu hii mara nyingi imefungwa vibaya, oili inajaa, na moshi wa bluu unaanza.

Hatua ya nne: hosipaipu ndogo ya kisahani, kama pampu yenu inayo. Kama haina, basi mmekwisha kujua tatizo moja: pampu haijui kwamba tabo iko.

Hatua ya tano: kutafuta silinda mgonjwa. Katika injini za zamani zenye pampu ya kawaida, fundi analegeza nati ya paipu ya nozo moja injini ikiunguruma polepole, kisha anaikaza na kwenda kwa nyingine. Nozo nzuri ikilegezwa, mlio wa injini unabadilika, kwa kuwa silinda moja imeacha kufanya kazi. Ikilegezwa na mlio usibadilike, silinda hiyo ndiyo iliyokuwa hailimi. Hapo msinunue nozo bado. Fundi ahamishe nozo hiyo kwenye silinda nyingine. Ugonjwa ukiifuata, nozo ndiyo mgonjwa. Ugonjwa ukibaki pale pale, tatizo ni la silinda, vali au paipu ya pampu. Jaribio hili linagharimu muda, na washa mpya za shaba za kukalia nozo. Msikubali washa za zamani zirudishwe.

Hatua ya sita: kupima nozo. Kuna mashine ndogo ya mkono yenye geji, na gereji za pampu mjini wanayo. Nendeni na mwanakikundi mmoja asimame kando, si karibu, aangalie mambo manne. Je, inafunguka kwa kipimo cha kiwanda? Je, inanyunyiza ukungu sawa pande zote? Je, inabaki kavu kwenye ncha kabla ya kufunguka? Je, nozo zote nne zinalingana? Hili la mwisho ni muhimu, kwa sababu nozo mbili mpya na mbili zilizochoka zinafanya injini itetemeke. Ombeni majibu yaandikwe kwenye karatasi.

Hatua ya saba: pampu na saa yake ya kurusha mafuta. Hii ni ya mwisho. Mafuta yakirushwa mapema mno injini inagonga, yakichelewa inakosa nguvu na kutoa moshi mweupe. Kabla pampu haijalegezwa, fundi achore alama kwenye pampu na kwenye injini, ili irudi ilipokuwa. Skrubu ya mafuta iwekwe tone la rangi ya kucha au risasi ya muhuri. Rangi ikipasuka, mtajua mtu amegusa.

6. MAGARI YA KISASA

Tangu mwaka 1997 zimeuzwa gari ndogo za dizeli ambazo paipu moja kubwa inahifadhi mafuta kwa msukumo mkubwa sana, na kompyuta ndiyo inayoamuru kila nozo ifunguke lini. Hiace nyingi za miaka ya karibuni ni za namna hii. Msukumo wake unaweza kupita mara 1,300 ya msukumo wa hewa ya kawaida. Hatua ya tano na ya sita kama tulivyoziandika juu hazifai kabisa kwa magari haya. Usilegeze nati yoyote injini ikiwaka. Tumieni fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta. Nozo zake nyingi zina namba iliyoandikwa juu, na zikibadilishwa namba hiyo lazima iingizwe kwenye kompyuta. Mkiambiwa kuna kisanduku cha kuongeza nguvu, kumbukeni kwamba nacho kinafanya kazi ya ile skrubu, kinaongeza mafuta.

7. HATARI AMBAYO WENGI HAWAIJUI

Mafuta yanayotoka kwenye nozo yana nguvu ya kupenya ngozi. Kijana wa gereji anaweka kidole ili aone kama nozo inarusha, anahisi kama amechomwa na mwiba, anaona kitone kidogo tu, anaendelea na kazi. Ndani ya mkono mafuta yamekwisha kusambaa. Baada ya saa chache mkono unavimba, na anaweza kupoteza kidole au mkono wote. Mtu akipatwa na jambo hili apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama haumwi, na aseme wazi: "Nimepigwa na dizeli ya nozo." Asikande, wala asisubiri kesho.

Kuvuja kwa paipu kutafutwe kwa kipande cha kadibodi, kamwe si kwa mkono. Watoto wasikae karibu nozo zinapopimwa.

8. KITABU CHA GARI

Sasa turudi kwenye lile swali la dereva na mweka hazina. Kikundi chao hakikuwa na chombo cha kutafuta ukweli. Walikuwa na risiti tu, lakini hawakuandika kilomita.

Fanyeni hivi. Jazeni tangi mpaka juu, andikeni kilomita. Gari lifanye kazi, kisha jazeni tena mpaka juu. Gawanyeni kilomita zilizotembewa kwa lita zilizoingia. Tuseme gari lilikuwa linatembea kilomita 9 kwa lita, na sasa ni 7. Kama linatembea kilomita 450 kwa wiki, zamani lilitumia lita 50, na sasa ni kama lita 64. Hizo ni lita 14 kila wiki, na kwa mwaka zinapita lita 700. Zidisheni kwa bei ya dizeli inayotangazwa tarehe 14 ya kila mwezi, mtaona moshi huo una thamani gani.

Mkipanga namba hizi kwa tarehe, ukweli unajitokeza. Kama kilomita kwa lita zilishuka wiki ile ile skrubu ilipozungushwa, na moshi ukaandikwa siku hizo hizo, hilo ni la gari. Kama zinashuka ghafla na kupanda tena bila moshi wala fundi kugusa kitu, basi kikundi kina haki ya kuuliza kwa upole. Kitabu kinamlinda dereva mwaminifu, na kinamlinda mweka hazina asimhukumu mtu kwa macho. Katika hadithi yetu, dereva angeweza kufungua ukurasa badala ya kuweka ufunguo mezani.

Kitabu kiwe na safu sita: tarehe, kilomita, lita, moshi na mlio, kilichofanywa na fundi, na sahihi. Spea ya zamani irudishwe kwa kikundi, isiachwe gereji.

Tena kuwe na sheria moja kwenye katiba yenu: hakuna mtu atakayeongeza nguvu ya injini bila azimio la mkutano. Mkiongeza, ijulisheni kampuni ya bima kwa maandishi, maana badiliko lisilotajwa linaweza kuwaletea shida siku ya ajali. Wenye matatu wakumbuke kwamba sheria zilizoanza kutumika Februari 2004 ziliweka kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Hata barabara kuu ya Thika ikiwa wazi, nguvu iliyoongezwa haiwezi kuwapa mwendo halali zaidi ya huo. Breki nazo ni zile zile za zamani.

9. UTUNZAJI WA KILA SIKU

Asubuhi, washa gari na uliache liungurume kidogo kabla ya kukanyaga, ili oili ifike kwenye tabo. Ukitoka kwenye mlima na mzigo, usizime injini hapo hapo. Iache iungurume dakika moja au mbili tabo ipoe. Ukizima ghafla, oili iliyobaki ndani inaungua na kuganda. Badilisha oili na filta kwa wakati. Jaza tangi jioni, ili usiku hewa yenye unyevu isigeuke maji ndani yake. Kwenye mlima punguza gea mapema, usilazimishe gea kubwa huku moshi unafuka nyuma.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Gari letu, au mashine yetu ya kusaga au ya maji, iliwahi kuongezewa nguvu? Nani aliamua, na iliandikwa wapi?
2. Mara ya mwisho fundi alibadilisha vitu vingapi kwa siku moja? Tulijua ni kipi kilichosaidia?
3. Je, tumewahi kumshuku dereva au mweka hazina bila namba mkononi? Tufanye nini ili jambo hilo lisirudi?
4. Tunatafuta nguvu zaidi kwa sababu mzigo unahitaji, au kwa sababu hatutaki kupitwa barabarani?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Chagueni watu wawili, mmoja awe dereva. Waanzishe kitabu cha gari, wajaze tangi mara mbili na kupata kilomita kwa lita. Waangalie eaklina, maji kwenye filta, na hosipaipu zote. Waje na chupa ya mafuta yaliyotolewa chini ya filta, iwekwe mezani wote waone.